Namba za baba zimeanza kupanda, mama anataka nifunge mdomo

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mtoto wa kwanza katika familia ya watoto wanne. Nina miaka 41, naishi na kufanya kazi Dodoma mjini. Wazazi wangu wako Kondoa. Baba ni mwalimu mstaafu, ana miaka 67, na hadi leo mtaa mzima unamwita Mwalimu.

Mwaka juzi baba alikwenda kupigwa ultrasaundi kwa sababu ya tezi dume. Aliyekuwa anampima akapandisha kile kifaa hadi chini ya mbavu, akanyamaza, halafu akamwita mwenzake. Kwenye ini kulikuwa na uvimbe. Tukapewa rufaa. Kipimo cha damu wanachokiita AFP kikatoka 1,240, kisha picha ya CT ikathibitisha kuwa ni saratani ya ini. Wakatuambia chanzo ni homa ya ini B, ambayo baba hakuwahi kujua kama anayo. Mungu alisaidia, uvimbe ulikuwa mmoja na ini lililobaki lilikuwa na nguvu. Alifanyiwa upasuaji Dar es Salaam, wakaondoa kipande cha ini. Miezi mitatu baadaye AFP ikawa 6.

Baba ana daftari ambalo amelichora mistari kwa kalamu nyekundu kama rejista ya shule: tarehe, kipimo, maoni. Kwenye ile 6, upande wa maoni, aliandika "Alhamdulillahi".

Tangu kliniki yake ihamishiwe hapa Dodoma, mimi ndiye ninayechukua majibu. Mwezi wa kwanza ikatoka 15. Daktari akasema tutarudia. Mwezi wa nne ikatoka 31. CT haikuonyesha kitu. Daktari amesema nimlete baba wazungumze, na huenda akapigwa picha nyingine ya kina zaidi, MRI.

Nilimpigia mama kwanza. Alilia, kisha akasema nisimwambie baba. Mdogo wetu wa mwisho anaolewa mwezi wa saba na baba ndiye walii. "Mwache mzee amwozeshe binti yake kwa furaha. Ukimwambia sasa, utakuwa umemuua wewe." Maneno hayo hayanitoki kichwani. Baba hunipigia kila Ijumaa baada ya swala: "Mwanangu, majibu vipi?" Namwambia bado hayajatoka. Mama ananiambia ameacha mstari mtupu kwenye daftari lake, anangoja.

Kuna na mdogo wangu wa kiume, ana miaka 36. Baba alipougua, alikwenda maabara moja ya binafsi akaomba apimwe AFP. Ikatoka 3. Akatuma picha ya majibu kwenye kundi la familia: "Mimi niko salama." Nikimwambia apime homa ya ini, anasema AFP ni kipimo kikubwa zaidi, hicho kingine ni kupoteza hela.

Nimesoma mtandaoni kuwa kuna kipimo kingine, PIVKA, na kwamba kinasema kweli kuliko AFP. Nimewaza nimtoe baba damu kwa kisingizio cha sukari, nikapime hicho kimyakimya, ili nikiongea niongee kitu cha uhakika. Mama pia aligusia kwamba baba amepunguza dawa za hospitali kwa sababu zinamsumbua tumbo, sasa hivi anakunywa zaidi maji ya mlonge. Sikulifuatilia hilo, akili yangu yote iko kwenye namba.

Niseme? Ninyamaze hadi harusi ipite?

Binti wa Mwalimu, Dodoma

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Unabeba majibu ya baba yako peke yako, unambebea mama hofu yake, unamwangalia mdogo wako akijipa moyo kwa karatasi moja, na kila Ijumaa unapokea simu ambayo huwezi kuijibu. Kama unalala vizuri nitashangaa. Mimi si daktari wa baba yako wala sijaona picha zake, kwa hiyo yote nitakayosema kuhusu vipimo yapeleke kwa daktari wake uyaulize upya. Lakini kazi ya uuguzi niliifanya kwa miaka mingi, na nimeona jinsi namba moja kwenye karatasi inavyoweza kuitawala nyumba nzima.

Tuanze na hiyo namba. AFP ni protini inayotengenezwa na ini la mtoto akiwa bado tumboni mwa mama yake. Akizaliwa, inapungua, na kwa mtu mzima inabaki kidogo sana, mara nyingi chini ya 10. Seli za saratani ya ini zinaweza kuanza kuitengeneza tena. Mwanasayansi wa Moscow, Garri Abelev, aliigundua kwa panya wenye uvimbe wa ini mwaka 1963, na mwaka uliofuata ikaonekana kwa binadamu mwenye saratani hiyo. Tatizo ni kwamba si saratani peke yake inayoiamsha. Ini linalojijenga upya baada ya kuumizwa huitoa pia. Homa ya ini ikichachamaa, AFP hupanda, wakati mwingine hadi mamia. Kwa mjamzito pia hupanda. Saratani za korodani na ovari nazo huipandisha. AFP ni moshi juu ya paa: ukiuona lazima uingie ndani kutazama, lakini ukiwa nje huwezi kujua ni nyumba inaungua au ni kuni mbichi.

Kwa hiyo baba yako hakuthibitishwa ugonjwa kwa ile 1,240. Alithibitishwa kwa picha. CT ya ini hupigwa kwa awamu baada ya kuchomwa dawa mshipani: uvimbe wa saratani hung'aa dawa inapoingia tu, kisha hufifia kabla ya ini linalouzunguka. Madaktari wa ini wa Marekani, katika mwongozo wao wa 2010, waliacha kabisa kuitegemea AFP katika kuthibitisha saratani ya ini. Namba huita picha, na pale picha isipoeleweka, huchukuliwa kipande kidogo cha nyama ya uvimbe kikapimwe.

Sasa namba zako zenyewe. Toa zile karatasi uziangalie upande wa kulia, kwenye kipimio. Maabara nyingine huandika ng/ml, nyingine IU/ml, na IU moja ni kama ng 1.2. Ile 6 ilipimwa Dar es Salaam na hizi mbili zimepimwa Dodoma, huenda hata mashine si za aina moja. Ikiwa 6 ilikuwa ya IU, kwa ng ni kama 7. Tofauti hiyo ni ndogo, haielezi kufika 31, na sitaki ujifariji nayo. Ila kutoka 15 hadi 31, kama ni maabara ileile na kipimio kilekile, hapo kuna kitu kimepanda kweli, na daktari ana haki ya kuwa na wasiwasi. Kwa aliyefanyiwa upasuaji, madaktari hawasomi namba moja, wanasoma mwenendo wake. AFP ya baba ilishuka vizuri uvimbe ulipoondolewa, maana yake uvimbe ule ulikuwa unaitoa. Ukirudi, upo uwezekano mkubwa wa kuitoa tena, hata kabla haujafikia ukubwa wa kuonekana kwenye CT. Na saratani ya ini hurudi kwa wengi waliofanyiwa upasuaji, zaidi ya nusu ndani ya miaka 5. Sikuandikii haya kukukatisha tamaa. Nakuandikia kwa sababu uvimbe uliorudi ukikamatwa ungali mdogo, mara nyingi kuna la kufanya: kukata tena, kuuchoma kwa sindano ya joto, au kupeleka dawa kupitia mshipa unaoulisha na kisha kuuziba. Ndiyo maana daktari anaitaja MRI. Yeye mwenyewe hajasema saratani imerudi. Ni mimi na wewe tunaokimbilia huko, kwa woga.

Kuna jambo jingine, na ulilipitia kwa haraka pale mwisho wa barua. Baba amepunguza dawa.

Kama dawa hizo ni tenofoviri au ya jamii yake, ndizo zinazomfunga kirusi cha homa ya ini B. Mtu akiziacha au akizinywa leo akaruka kesho, kirusi kinaweza kuamka na ini likavimba upya. Hapo AFP inaweza kupanda bila uvimbe wowote. Na hapo hapo ipo hatari isiyohusiana na saratani kabisa: mtu ambaye ini lake limeshakatwa kipande hana akiba kubwa ya kuhimili homa ya ini ikichachamaa. Kwa hiyo kuna vipimo viwili ambavyo vitasaidia kuisoma ile 31: utendaji wa ini, hasa ALT, ambayo hupanda kwenye damu ini likiumia, na wingi wa virusi kwenye damu. ALT ikiwa juu na virusi vimejaa, huenda ini linaungua kwa homa, na akirudi kwenye dawa AFP inaweza kushuka ndani ya wiki kadhaa. ALT ikiwa ya kawaida, virusi havionekani, na AFP inaendelea kupanda, basi wasiwasi unarudi kwenye uvimbe.

Mimi ningetamani hili la dawa lisingoje harusi wala lisingoje barua yangu ichapishwe. Mpigie daktari umwambie. Na umwulize dawa gani inaweza kuwa inamsumbua tumbo, kwa sababu hilo mara nyingi lina ufumbuzi. Mlonge na mitishamba yote anayotumia itajwe kwa majina. Asiseme mtu kwamba mzee anaaibishwa, daktari wa ini anahitaji kujua kila kinachopita kwenye ini.

Lakini tazama kinachotokea hapa. Ni nani anayejua baba amekunywa vidonge vingapi tangu mwezi wa kwanza? Si wewe, si daktari, na nina shaka kama ni mama. Ni yeye. Namba unayomficha haiwezi kusomwa vizuri bila maneno yake mwenyewe. Umeliweka swali kama niseme au ninyamaze, yaani habari ziko kwako na yeye anazingoja. Naona nusu ya habari iko kwake.

Kuhusu PIVKA. Ni kipimo cha kweli, kinatumika sana Japani pamoja na AFP, na kwa baadhi ya wagonjwa hushika uvimbe ambao AFP imeukosa. Nacho kina kuni zake mbichi: mtu mwenye upungufu wa vitamini K, au anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda, kinapanda bila saratani. Ukikifanya kimyakimya utapata namba ya pili isiyo na mtu wa kuielezea. Tena baba yako alikuwa mwalimu. Mtu aliyesimamia mitihani maisha yake yote, unadhani hatashangaa damu ya sukari inatolewa mshipani mirija miwili?

Na hilo linanileta kwenye dhana moja ninayotaka uiangalie tena: kwamba baba hajui. Majibu ya damu yaliyokuwa yakitoka kwa siku chache, sasa hayatoki Ijumaa baada ya Ijumaa. Mama sauti imebadilika. Inawezekana hashtuki. Inawezekana pia kwamba anashtuka, na anakuuliza kila wiki ili akupe nafasi ya kusema. Sijui ni lipi, wewe ndiye unayemjua.

Mama yako nisingependa umwone kama kikwazo. Alimuuguza mumewe Dar es Salaam, alirudi naye mzima, na ile 6 ilikuwa yake pia. "Utakuwa umemuua wewe" ni neno zito na halikuwa haki kwako, lakini nalisikia kama kilio cha mtu anayeogopa kumpoteza mwenzake mara ya pili. Ningekaa naye kwanza, ana kwa ana kama unaweza kufika Kondoa, si kwa simu. Mwulize anaogopa nini hasa. Kwamba baba atakata tamaa? Kwamba ataahirisha harusi? Kwamba watu watajua? Kila moja ya hofu hizo ina jibu lake tofauti. Na mweleze la dawa, kwa sababu huenda hajui kwamba vidonge vinavyobaki kwenye kopo vina uhusiano na namba anayotaka ifichwe.

Njia zilizo mbele yako naziona hivi. Ya kunyamaza hadi mwezi wa saba: harusi itapita kwa amani ya juujuu. Saratani ya ini mara nyingi huchukua miezi kadhaa kuongezeka maradufu, lakini wapo ambao kwao huenda mbio, na hakuna anayeweza kukuhakikishia baba yuko kundi gani. Utakuwa umeipa nafasi ambayo haikuomba. Na akija kujua baadaye kwamba ulikuwa na karatasi mkononi tangu mwezi wa nne, wote wawili mtaumia, kwa namna ambayo siwezi kuipima nikiwa hapa.

Ya kumwambia mwenyewe: utapumua, na atakuamini zaidi. Lakini atakuuliza maswali ambayo huna majibu yake, na kama umechoka unaweza kumpa hofu yako yote badala ya habari ulizonazo. Ukiichagua hii, usiseme "imerudi". Sema kilichopo: namba imepanda, picha haijaonyesha kitu, daktari anataka kuzungumza na wewe na kujua unavyotumia dawa.

Ya kumpeleka kwa daktari bila kumweleza, asikie huko: inakutoa mzigo, nayo ndiyo wengi huichagua. Hatari yake ni kwamba mzee anaweza kujisikia amevamiwa, ameketi mbele ya mgeni, wanawe wanajua na yeye ndiye wa mwisho. Baadhi ya wagonjwa wangu walilia kwa hilo kuliko kwa ugonjwa.

Na kuna ya katikati, kumwuliza yeye anataka kujua kiasi gani. "Baba, majibu yanapotoka, ungependa nikuletee yote kama yalivyo, au ungependa daktari ashughulike na mimi, nawe uambiwe la kufanya tu?" Wapo wazee watakaosema, "Niambie la kufanya." Huyo mwenye daftari na kalamu nyekundu sidhani, lakini naweza kukosea, na jibu lake litaheshimiwa lolote litakalokuwa. Yeye ndiye walii wa bintiye, na huenda akawa na mambo anayotaka kuyapanga kabla ya siku hiyo ambayo wewe na mama hamjayawazia. Huenda pia akasema tusogeze harusi, na hapo mdogo wako wa mwisho naye atakuwa na lake la kusema. Hilo ni gumu, silifichi.

Kuhusu mdogo wako wa kiume. Mpende, lakini ile 3 haimwambii anachodhani inamwambia. Takriban mtu mmoja kati ya watatu wenye saratani ya ini ana AFP ya kawaida, na uvimbe ukiwa mdogo ndipo hukosekana zaidi. Mtu wa miaka 36 mwenye baba aliyepata saratani hii kutokana na homa ya ini B anaanza na swali la chini kabisa: je, na yeye ana kirusi? Hicho ni kipimo cha HBsAg, tone la damu, na hospitali nyingi wanacho. Kirusi hiki hupita kutoka kwa mama wakati wa kuzaa, na hupita utotoni ndani ya nyumba, kwa wembe, kwa vidonda. Chanjo ya watoto wachanga ilianza nchini mwaka 2002, ninyi nyote mlishazaliwa au karibu nyote. Akikutwa hana na hana kinga, anachanjwa dozi tatu na jambo limeisha. Akikutwa anacho, kwa historia ya familia yenu atahitaji kuwa chini ya daktari na ultrasaundi ya ini kila baada ya miezi 6 pamoja na hiyo AFP yake, kwa sababu homa ya ini B inaweza kuleta saratani hata ini likiwa halijasinyaa, na Afrika huwapata wengi wakiwa bado vijana, katika miaka ya 40. AFP ina kazi hapo, ikiwa imeshikana na picha na ikirudiwa. Peke yake mara moja, hapana.

Na kwa kuwa ninyi ni wa Kondoa, mahindi na karanga mnazohifadhi nyumbani ziangaliwe. Mwaka 2016 sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu wa nafaka, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na wilaya yenu ilikuwa miongoni mwa zilizoguswa. Sumukuvu na homa ya ini B zikikutana kwenye ini moja, hatari ya saratani huongezeka mara nyingi zaidi. Yaliyoota ukungu yasisagwe, wala yasipewe kuku.

Nimebakiza kitu kimoja. Umeniandikia namba za baba tangu mwaka juzi, umenitajia ya mdogo wako, umenitajia hadi kipimo cha Japani. Hujaniandikia popote kama wewe umepima. Wala mama, aliyeishi na baba miaka yote hiyo. Inawezekana mmeshapima na ulisahau kuandika. Kama bado, siku utakayokwenda kwa daktari kuuliza la dawa, omba HBsAg yako, na ukifika Kondoa mchukue mama mwende pamoja hadi kituo cha afya. Pengine safari ya watu wawili kupima damu itakuwa nafasi ya kuzungumza ambayo kwenye simu mmeikosa.

Niandikie utakapoweza, hata mistari miwili. Nisalimie mama, na mzee mpe shikamoo yangu.